Mize Alipogawa Mji kwa Kitendawili

Paukwa!

Pakawa!

Hizo sauti au mbu? Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Paondokee mji, mji una kisima, kisima kina foleni, na kwenye foleni yumo Mize.

Mize alikuwa msuka mikeka wa Mikadini, na maradhi yake yalikuwa maneno. Mteja akija, kabla hajataja mkeka, keshaulizwa: "Ule wali ulioganda chini ya chungu, kwenu mnauitaje?" Mmoja husema ukoko. Mwingine husema matandu. Mize anacheka peke yake kutwa nzima, na wali wake mwenyewe unaungua jikoni.

Siku moja alasiri akaja mgeni, Bwana Mbaruku, kanzu imepigwa pasi, fimbo mkononi. Alikuwa mtegaji vitendawili wa kuzunguka miji, na sifa zake alizitangaza mwenyewe. Watu wakakusanyika kando ya kisima.

"Kitendawili!"

"Tega!" Mize akawa wa kwanza kuitika.

"Tulizaliwa siku moja, tunatembea pamoja, hatujaonana hata mara moja."

"Kivuli?"

"Kivuli nakiona."

"Jina?"

"Jina nilipewa siku ya saba."

"Pumzi?"

"Pumzi naiona asubuhi ya baridi. Umeshindwa, binti. Nipe mji."

Si mnajua kanuni? Ukishindwa unatoa mji, ndipo unapewa jibu.

"Nakupa Lamu."

"Lamu ninayo."

"Nakupa Kilwa."

"Kilwa ninayo. Nipe huu tuliomo."

Mimi na wewe tungeaga tukaenda zetu. Lakini Mize, loo! Jibu lilimwasha mwili mzima. "Chukua Mikadini! Haya, ni nini?"

"Kisogo."

Na muda wote huo Mize alikuwa anajikuna kisogo!

Watu wakacheka, maana miji ya vitendawili huliwa kwa maneno tu. Bwana Mbaruku hakucheka. Alikwenda akakalia mfuniko wa kisima. "Mji ni wangu, na mashahidi ni ninyi. Hachoti mtu mpaka niletewe chakula, kutoka kila chungu, kila siku. Au watu wa Mikadini hawana neno, wakiahidi hawatimizi?"

Hapo aliwapata. Watu wa Mikadini wangeweza kukubali kuitwa wachoyo, hata wavivu, lakini si watu wasio na neno. Wakapeleka chakula, wakachota kwa ruhusa, na kila aliyepita kwa Mize alimtupia jicho. "Umetugawa kwa kisogo!" Mize alilia kweli. Hata kuuliza maneno akaacha.

Asubuhi akanawa uso, akaenda kisimani.

"Shikamoo, mwenye mji."

"Marahaba."

"Mbuzi wa Bi Tatu amekula mchicha wa Binti Shee. Mwenye mji ndiye huamua."

Bwana Mbaruku aliamua tangu asubuhi hadi adhuhuri. Alipomaliza, mwenye mbuzi na mwenye mchicha wote wawili walikuwa wamemnunia.

Siku ya pili: "Shikamoo, mwenye mji. Leo kuna harusi mbili. Mwenye mji hula kote kote, na asiposhiba kwa mmoja, ni ugomvi." Akala sahani saba za pilau. Akarudi ameshika tumbo kwa mikono miwili.

Siku ya tatu: "Shikamoo, mwenye mji. Kisima kimejaa tope. Mwenye mji ndiye hutangulia kushuka." Akashushwa kwa kamba. Akapandishwa ana tope hadi ndevuni.

Kazi hizo Mikadini hugawana watu wote. Mize hilo hakulisema, na hakuna aliyemsemea.

"Mize mwanangu," akasema Bwana Mbaruku, "chukua mji wako."

"Haurudi hivihivi, baba. Uliondoka kwa kitendawili, urudi kwa kitendawili."

"Basi tega!"

Mize akaita mji mzima, watoto wakakaa mbele.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nyumba yangu haina mlango."

Watoto wakazibana midomo kwa viganja. Kitendawili hicho hufunzwa mtoto kabla hajaota meno ya mbele! Bwana Mbaruku akafungua kinywa ajibu, maana alishazoea kushinda. Akaliona tope kwenye kanzu yake. Akafunga kinywa.

"Sijui," akasema.

"Hatujasikia!" wakapaza watu wa nyuma.

"Sijui! Nakupa mji. Nakupa Mikadini!"

Mize akasimama, machozi yakimlenga kwa furaha. "Nikaenda Mikadini, nikakuta watu wangu, wakaniambia: mjinga gani huyo asiyejua..."

"Yai!" wakalipuka watoto.

Bwana Mbaruku akaondoka bila kuaga. Mize akamkimbilia hadi njia panda, akamtia mkononi yai la kuchemsha, la njiani.

Hadithi yangu imevaa viatu, inaondoka. Kama imewachekesha, bakini nayo; kama imewaudhi, nitakwenda nayo mimi.

Haya, tawanyikeni!