Upande wa Pili wa Kichwa cha Chewa

"Kichwa cha samaki hakina mlaji mmoja." Mmemsikia mama yenu mdogo akiyasema hayo pale msibani, nanyi mkaja kwangu mnachekelea, mkidhani alikuwa anaulizia mchuzi. Hapakuwa na samaki aliyepikwa pale, wala mama yenu mdogo hakuwa na njaa. Haya, kaeni. Wewe weka hiyo simu kwanza, haitakimbia. Maneno hayo yana mwanzo wake, na mwanzo wenyewe ulikuwa hivi.

Tanga palikuwa na mgahawa wa samaki ulioitwa Kwa Bi Mize. Haukuwa mkubwa, lakini mchana ukichelewa kidogo tu ulikula umesimama. Bi Mize ndiye aliyepika. Mumewe, Kibwana, alikwenda mnadani asubuhi kuchagua samaki, na mchana alipokea wageni mlangoni. Binti yao wa pekee, Sikudhani, alikulia humo humo, akajua kumpara samaki kabla hajajua kusuka nywele. Watu waliufuata mchuzi wa Bi Mize kutoka mbali, na wenye roho mbaya walisema anautia dawa. Dawa yake ilikuwa ukwaju na subira, basi.

Sasa, mle ndani kulikuwa na desturi ambayo hukuikuta kwingine. Vichwa vya samaki wakubwa, hasa chewa, havikuuzwa. Vilipikwa kwenye chungu chake, na aliyepewa ni yule aliyekuja kula peke yake. Lakini hakupewa akaachwa. Kibwana alimshika mkono, akamketisha mbele ya mwingine aliyekuja peke yake, na kichwa kikawekwa katikati yao. Huyu upande huu, yule upande ule. Na ile nyama laini ya shavu, iliyo tamu kuliko zote, hukuila ya upande wako. Uliichokoa kwa vidole ukamwekea mwenzako juu ya wali wake, naye akakuwekea ya upande wake. Mgeni asiyejua akijitilia shavu kinywani mwenyewe, mgahawa mzima ulimcheka: "Huyu kalelewa na paka!"

Kichwa cha chewa kina mifupa mingi, hakitaki haraka. Hadi mnakimaliza, mmeshajuana majina, na pengine mmeshaambiana shida. Kuna waliopata kazi pale, na kuna waliopata wachumba. Baada ya miaka, wageni walikwishaizoea desturi hiyo kiasi kwamba walijipanga wenyewe, na Sikudhani kazi yake ikawa kubeba sahani tu.

Wageni wote wakishaondoka, kichwa kimoja kilibaki jikoni. Hicho kilikuwa cha Bi Mize na Kibwana. Walikaa kwenye vigoda, sahani katikati, wakachokoa na kulishana na kubishana habari za bei ya nazi mpaka mchuzi ukapoa.

Kibwana akafariki. Bi Mize alikaa eda, akaimaliza, akarudi jikoni kwake, na mchuzi ukawa ule ule. Kitu kimoja tu kilibadilika: hakujiwekea tena kichwa. Kile cha mwisho alimpa yeyote aliyetokea, na yeye alikula amesimama, kijiko mkononi, akionja sufuria hii na ile kama mtu anayesubiri basi. Sikudhani aliona. Alijiambia ni majonzi, yatapita.

Wakati huo watumishi wengi wa serikali walikuwa wanahamia Dodoma, na miongoni mwao walikuwamo wateja wa Bi Mize. Wakija Tanga likizo walilalamika kama watoto walioachishwa ziwa. Sikudhani akapata wazo la kukifuata hicho kilio. Akamwendea mama yake, akazungukazunguka, mwisho akasema anataka kufungua Kwa Bi Mize ya pili, huko huko Dodoma.

Bi Mize aliendelea kukamua tui. "Nenda mwanangu. Miye nimewapikia watu wa Tanga, weye wapikie na wa bara. Ila vichwa usiuze."

"Siuzi, mama."

Akaondoka. Anayekwenda alijikaza, na anayebaki alijikaza. Ndivyo wanavyodanganyana watu wanaopendana.

Dodoma alipanga nyumba nzuri, akaipaka rangi, akanunua meza ndogo ndogo za kisasa, aliyekuja peke yake akae peke yake. Samaki walipandishwa kutoka Tanga wakiwa kwenye barafu, na mchuzi ulikuwa wa mama yake hasa, kwa maana mkono wake ulikuwa ule ule. Wenyeji wa Tanga walimjazia ukumbi siku za mwanzo, wakala wakasifu. Lakini mgahawa haulishwi na wenyeji wa kwenu pekee, unahitaji na watu wa mji. Nao wakaanza kuja.

Neno la mama yake alilitunza. Kila aliyekuja peke yake aliletewa kichwa cha chewa bure, kwenye sahani nzuri, ndimu pembeni. Kisha Sikudhani alirudi jikoni akamwacha mgeni ale kwa raha zake. Aliona hiyo ndiyo adabu ya mjini, mtu asisumbuliwe na mtu.

Jaribuni kuwa huyo mgeni. Umezaliwa mbali na bahari, chewa humjui. Umekaa peke yako. Meza ya jirani, walipo watu na wake zao, wamepewa vipande vilivyonona. Wewe unaletewa kichwa ambacho hukukiagiza, kimeachama, na jicho linakutazama. Ungefikiri umeheshimiwa?

Mzee Ndahani hakufikiri hivyo. Alikuwa bwana mifugo mstaafu, mrefu, mwenye koti lililofungwa vifungo vyote hata jua liwake vipi. Aliisukuma sahani kwa kidole kimoja. "Binti, mimi nimeagiza samaki. Hiki cha paka mbona umeniletea mimi?"

Watu wakacheka, naye akatoka bila kula. Haikupita muda ikawa inasemwa mjini kwamba kwa yule Mtanga ukienda peke yako unapewa mabaki. Wapweke ndio waliotangulia kukata mguu. Wenye familia wakafuata, kwa sababu hakuna anayependa kula mahali panaposemwa vibaya. Ubao wa mlangoni ulikuwa na jina la mama yake, na hilo ndilo lililomuuma Sikudhani kuliko meza tupu. Jina hilo lilikuwa halijawahi kuchekwa.

Kila jioni Bi Mize alipiga simu.

"Vichwa vinaliwa?"

"Vinaliwa, mama, mpaka havitoshi. Na wewe umekula?"

"Nimekula, nimeshiba."

Mmoja alidanganya huku, mwingine akadanganya kule, na simu ikakatwa kwa dua.

Mchana mmoja mlango ulifunguliwa, akaingia Mzee Ndahani na koti lake. Ukumbi ulikuwa mtupu. Sikudhani alisimama, akijua amekuja kuongeza chumvi kwenye kidonda.

"Mbukwenyi," mzee alisalimu kwa Kigogo, kisha akavua kofia. "Binti, nimekuja kuomba radhi. Nimelelewa kwamba chakula hakitukanwi. Nami nilikitukana hapa, nikakitukana na mtaani."

Sikudhani alitaka kusema hamna neno, machozi yakamtangulia. Akajifuta kwa kanga. "Mzee wangu, hakikuwa cha paka. Kwetu kile ndicho cha heshima. Hatukiuzi. Tunampa aliyekuja peke yake."

"Heshima?" Mzee Ndahani alishangaa kweli, hakuwa na kejeli. "Heshima gani hiyo, mtu kuachwa peke yake na mifupa? Nyumbani kwa baba yangu mgeni akiandaliwa, mwenyeji hunawa naye. Ukimwekea ukaondoka, umemlisha, lakini hujamkaribisha."

Sikudhani alibaki amesimama na kanga usoni. Akawaona wageni wa Tanga, wawili wawili, vichwa vimeinamiana juu ya sahani. Akamwona baba yake anavuta mtu mkono. Kichwa alikileta Dodoma, upande wa pili wa kichwa akausahau nyumbani, naye alivyokuwa amezoea kubeba sahani hakujua kama amesahau kitu.

"Kaa, mzee wangu," alisema.

Alileta kichwa cha chewa kikifuka moshi, na ugali, na maji ya kunawa. Alimnawisha, akanawa na yeye, akavuta kiti akakaa mbele yake. Akachokoa shavu la upande wake, akaliweka juu ya ugali wa mzee. "Hili ni lako. La upande wako ndilo langu."

Mzee Ndahani alikunja mikono ya koti. Kisha akaanza kuhangaika na upande wake. Yule aliyezalisha ng'ombe wa wilaya nzima alishindwa na shavu la samaki, likamkatika vipande vipande, lakini alivikusanya vyote akampelekea Sikudhani. Ndipo akaonja cha kwake.

"Tangu mke wangu afariki," alisema, "wananipakulia wengi. Mabinti zangu wananipakulia, jirani ananipakulia. Lakini hakuna aliyenitolea kitu kwenye upande wake."

Walikula taratibu. Alimweleza habari za mkewe, alivyokuwa mkali, alivyoimba akichota maji. Sikudhani alimweleza habari za Kibwana. Mifupa ilipokuwa imetakata, mzee aliigeuza sahani, akatikisa kichwa kama mtu aliyefumbuliwa fumbo. "Nilikosea kukila kwa macho peke yangu. Kumbe kichwa cha samaki hakina mlaji mmoja."

Hapo ndipo yaliposemwa kwa mara ya kwanza. Lakini yalikuwa bado hayajaiva. Yaliivishwa na swali alilouliza mzee akiwa ananawa, swali la kawaida tu la mtu aliyeshiba.

"Na mama yako huko Tanga, siku hizi anakula na nani?"

Sikudhani alifungua kinywa aseme, "Na wageni." Hakuweza. Alimwona mama yake amesimama na kijiko. Alichukua simu hapo hapo.

"Mama, umekula?"

"Nimekula, nimeshiba."

"Umekula nini?"

"Nimeonjaonja."

"Na kichwa?"

Bi Mize alicheka kicheko kidogo kisichokuwa na pumzi. "Kichwa nile na nani, mwanangu?"

Asubuhi iliyofuata Sikudhani alifunga mgahawa akapanda basi. Njia nzima ya Morogoro alikuwa analia kwa ndani, na alipofika Tanga jioni hakupitia nyumbani, alikwenda moja kwa moja jikoni. Wageni walikuwa wamekwisha. Bi Mize alikuwa anafunika chungu, akamwona binti yake mlangoni, akadondosha kifuniko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kuna nini? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimekuja kula."

Sikudhani alipakua kichwa mwenyewe. Alivuta vigoda, akaweka sahani katikati, akakaa upande alioukalia baba yake. Bi Mize alisimama na kijiko chake, haendi wala harudi.

"Miye sikuacha kukila kwa kukichukia," alisema hatimaye. "Nilikuwa naogopa. Nitakula upande wangu, nimalize, halafu nigeuze sahani nione ule wa Kibwana umebaki mzima. Nikasema bora nisianze."

"Anza, mama. Hautabaki."

Bi Mize akakaa. Vidole vyake vilikuwa havijasahau, shavu lilitoka zima zima, likatua juu ya wali wa binti yake. Sikudhani akamwekea lake. Wakala wakilia, wakala wakicheka, na Sikudhani akaungama yote: meza ndogo, vichwa vilivyorudishwa, jina lililochekwa mjini, na Mzee Ndahani na koti lake. Akasema atafunga kule, arudi nyumbani, mama asile tena amesimama.

Bi Mize alimsikiliza mpaka mwisho, akafuta mkono, akageuza sahani. Upande wa pili ulikuwa mifupa mitupu. Aliutazama kwa furaha iliyochanganyika na uchungu, kisha akamkazia binti yake macho.

"Na huyo mzee wa watu," aliuliza, "leo kala na nani?"

"Peke yake," alisema Sikudhani.

"Nifungie nguo zangu," alisema Bi Mize. "Jikoni hapa wasaidizi watashika, mchuzi wanaujua, na wageni wanajua kukaa. Wa huko ndio hawajafundishwa."

Basi walikwenda wote wawili. Bi Mize alipoziona zile meza ndogo alisema, "Hizi ni meza za mtihani au za kula?" akaziuza, akaweka meza ndefu na mabenchi. Akasimama mlangoni mwenyewe, kila aliyekuja peke yake akamshika mkono akampeleka kwa mwenziwe. Wa kwanza kushikwa alikuwa Mzee Ndahani. Msinitazame hivyo, hawakuoana. Si kila sahani ya watu wawili ni ya harusi. Lakini alikuwa na mtu wa kula naye mpaka mwisho wa maisha yake, na Bi Mize, akiwa Dodoma au akiwa Tanga, hakula tena amesimama.

Watu wa mji wakayachukua maneno ya yule mzee. Mwanzoni waliyasema wakialikana mezani. Baadaye waliyasema penye wagonjwa, penye waliofiwa, penye aliyejifungia na aibu yake chumbani, hata pale ambapo samaki hajawahi kufika. Ndiyo maana mama yenu mdogo hakuishia kupeleka sahani msibani na kurudi. Aliketi chini mkekani, akanawa na mfiwa, akala naye. Na mkimpelekea mtu sahani mkamwachia mlangoni, jueni kazi mmeifanya nusu.

Kichwa cha samaki hakina mlaji mmoja.