Mzee Vuai Ana Jambo

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa kijiji ambacho watu wake wote hawana jambo. Sogeeni karibu, wa nyuma nao wasikie.

Hapo zamani, asubuhi moja, Bi Mize alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Kwaru, kwaru, kwaru. Mumewe, Mzee Vuai, ndiye aliyekuwa akichonga mbuzi za kukunia nazi za kijiji kizima. Alikuwa mlangoni, tezo mkononi.

"Hujambo, mke wangu?"

"Sijambo. Ila nazi hii ngumu kama kichwa chako."

Mzee akacheka. Kwaru, kwaru. Kwaru. Halafu kimya. Alipogeuka, kifuu kilikuwa kinabiringika sakafuni, na Bi Mize ameegemea ukuta, macho wazi.

Wakamzika. Wakakaa matanga siku tatu, yakaondolewa.

Sasa, kijiji kile kilikuwa na sharti. Ukiulizwa "Hujambo?" unajibu "Sijambo." Una homa? Sijambo. Shamba limeliwa na nguruwe? Sijambo. Umefiwa? Lia siku tatu. Ya nne, sijambo. Waliaminishwa kwamba jambo likitajwa linaitika na kuja. Na aliyewafundisha watoto sharti hilo kwa miaka thelathini alikuwa Mzee Vuai mwenyewe.

Siku ya nne jirani yake, Bi Kije, akamletea uji.

"Shemeji, kuna neno limenikaa kooni. Mize kifua kilikuwa kinambana. Tangu wakati wa mavuno."

"Mbona hakuniambia?"

"Nami nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema, 'Kije, kila asubuhi mume wangu ananiuliza hujambo. Unataka nimjibu nini?'"

Mzee Vuai akaliweka bakuli chini. Uji haukunyweka.

Akatoka. Akafika barazani kwa Jumbe, mkuu wa kijiji. Watu wamejaa.

"Hujambo, Mzee Vuai?" akauliza Jumbe.

"Ninalo."

Watu wakageuka, wote! Jumbe akadhani amesikia vibaya.

"Nimesema, hujambo?"

"Nami nimesema, ninalo jambo. Mke wangu amekufa, na nilikuwa namsalimu tu, simuulizi."

"Vuai, matanga yameshaondolewa. Nakuuliza mara ya tatu, mbele ya watu. Hujambo?"

"Ninalo, Jumbe. Kama hukutaka kujua, ulikuwa unauliza nini?"

Jumbe akasimama. "Nikikuachia wewe, kesho kijiji kizima kinalia. Nani atalima? Kuanzia leo mtu huyu hasalimiwi wala hasemeshwi. Na siku akifa, ajichimbie kaburi mwenyewe!"

"Nitachimba," akasema Mzee Vuai. "Lakini leo ninalo jambo."

Akarudi nyumbani. Siku ya kwanza watu wakapita mlangoni pake, pa, pa, pa, kila mmoja anatazama miguu yake. Siku ya pili, pa, pa, pa. Siku ya tatu vilevile. Mzee hakutishika. Lakini kulikuwa na Jumbe mwingine ndani ya kifua chake, mkali kuliko yule wa barazani. Kila alipopiga tezo, ko! "Hukuuliza." Ko! "Hukuuliza." Ko! "Umemuua wewe." Akawa hali chakula. Akawa hajipi hata maji, kana kwamba maji ni ya watu wema tu.

Siku ya sita Bi Kije akaja na mbuzi yake. Akaiweka chini, akampa mzee mgongo, akaanza kusema.

"Wewe mbuzi, habari za kwako? Sisemi na mtu mimi. Nasema na mbuzi. Amri ya Jumbe haikutaja mbuzi."

Mzee Vuai akaikazia macho ile mbuzi. Midomo ilikuwa imemkauka.

"Mbuzi," akasema taratibu, "mwambie Bi Kije ana wazimu."

"Mbuzi, mwambie bwana aliyekuchonga nimesikia. Halafu muulize: angekuja hapa mwanamume mwingine aliyefiwa na mke, amekonda, analia kwamba hakuuliza, yeye angemtukana?"

"Asingemtukana."

"Angemfanyaje?"

Mzee akautazama mtungi wa maji. "Angempa maji. Angemwambia akae."

"Basi mbuzi, muulize bwana wako, yeye amekosa nini hata asipewe maji?"

Mzee Vuai akainuka. Akachota maji mtungini, akanywa kata nzima. Gu, gu, gu. Akachota ya pili. Ndipo akalia, na safari hii hakujitukana.

Alipomaliza, akauliza: "Mbuzi, na Bi Kije je? Yeye ana jambo?"

Mgongo wa Bi Kije ukatikisika. "Ninalo," akasema. "Alikuwa rafiki yangu, jamani."

Neno likaenea. Kesho yake mbuzi zikaanza kumiminika kwa Mzee Vuai. Zenye meno butu zikaja. Zenye meno mazima kabisa nazo zikaja zinolewe! Makame, mgema wa tembo la mnazi, akaiambia mbuzi kwamba miguu inamtetemeka akifika katikati ya mnazi, na ana watoto wanne. Binti mmoja mwenye kichanga akaiambia mbuzi kwamba maziwa hayatoki. Mzee hakumwambia mtu ajikaze. Aliuliza tu, "Tangu lini?" akasikiliza mpaka mwisho. Makame akapewa kazi ya kunoa. Binti akatafutiwa mama mwenye maziwa ya ziada.

Jumbe akasikia. Akaja mbio, kanzu inapepea.

"Nani anasema na Vuai?"

"Hakuna, Jumbe," wakajibu watu, migongo imegeuka. "Tunasema na mbuzi."

"Mnanifanya mtoto? Kesho jua likipanda nakusanya mbuzi zote, nazichoma moto! Tuone mtasema na nani!"

Akaondoka. Watu wakatawanyika kwa hofu, kila mmoja na mbuzi yake kifuani.

Asubuhi yake, kabla ya jua kupanda, Mzee Vuai alioga, akavaa shuka safi, akala kiporo cha muhogo mpaka akashiba. Hakubeba mbuzi. Akakata kijiji kizima kwa miguu, watu wanachungulia madirishani, akafika kwa Jumbe aliyemtenga. Akapiga mlango. Ngo, ngo, ngo!

"Jumbe! Nimekuja kwa kinywa changu mwenyewe. Una jambo?"

Mlango haukufunguliwa.

"Sikuulizi hujambo. Nakuuliza, una jambo? Na siondoki mpaka unijibu."

Ndani, kitanda kikalia. Jua likapanda, wala Jumbe hakutoka kwenda kukusanya mbuzi. Mzee Vuai akakaa kizingitini, akakunja miguu, akangoja.

Basi nanyi mnaonisikiliza: mkimuuliza mtu, ngojeni jibu lake. Na mkijiuliza wenyewe, jijibuni bila matusi.

Hadithi yangu imefika mlangoni kwa Jumbe, na hapo ndipo ninapoiacha.