Jogoo wa Bibi na Daktari Mwenye Begi

Hapo zamani za kale, zamani kweli, wanyama wakiwa bado na nyumba, majiko na mifugo yao, palikuwa na Kindi mmoja anafuga Jogoo. Msicheke! Mfugwa mkubwa kuliko mwenye nyumba, ndiyo, lakini aliachiwa na marehemu bibi yake.

Kila alfajiri, kokoikooo! Kindi akisikia tu, anamwona bibi kama yupo: moshi wa kuni, chai ya tangawizi, ile sauti, "Amka mjukuu wangu, jua halikungoji."

Kila mavuno bibi alikuwa anatupa konzi ya njugu kwenye chungu cha uvunguni.

"Ya nini, bibi?"

"Ya Jogoo. Siku akiumwa tusihangaike."

Bibi akaondoka duniani. Kindi hakuacha kutupa konzi yake.

Sasa siku moja, alfajiri ikaja kimyaaa. Jogoo kafumba macho, shingo imevimba, akijaribu kuwika inatoka khhh tu. Kindi moyo paa! Asipowika huyu, bibi ndiyo kafa mara ya pili.

Hata hajajua akimbilie wapi, ngo ngo ngo! Mlangoni Fisi, koti jeupe, begi kubwa.

"Hodi mama! Daktari wa mifugo nimefika. Nasikia kuna mgonjwa mnono... eeh, mgonjwa mahututi!"

"Karibu. Umesikia kwa nani?"

"Pua yangu haikosei."

Shingo ya Jogoo hata hakuigusa. Alipapasa mapaja.

"Mmh! Huyu wa kulazwa. Anakunywa dawa ya usingizi, nambeba mpaka kwangu. Na kile chungu cha njugu uvunguni nakibeba, ndiyo gharama."

Begi likajiachia kidogo. Kindi akachungulia: manyoya, chumvi, pilipili. Ala! Kumbe! Apigane na Fisi? Thubutu.

"Sawa, daktari," akasema kwa upole. "Ila nyumba hii ina mila. Anayeleta cha kunywa anaonja kwanza, kutoa uchawi. Bila hivyo chungu hakitoki."

"Nionje tu?"

"Bibi alikuwa anapima kwa mwili. Jogoo kijiko, wewe bakuli."

"Bakuli?!"

"Basi acha. Sikujua mwili wote huo unaogopa kijidawa cha kuku."

"Nani? Mimi? Lete!"

Akalijaza dawa yake mwenyewe, gulu gulu gulu! Bakuli tupu. Fisi akajifuta mdomo. "Umeona? Mimi ni mwili wa... wa ki..."

Puu! Chini. Khorooo! "Pilipili kidogo," akaweweseka, "halafu nimchome..."

Kindi huyo, mbio, mpaka mti wa nyuma ya nyumba, kwa Kigong'ota. Yule ndege anayeshinda akigonga miti kwa mdomo, ko ko ko. Bibi alikuwa anamwita "daktari wetu", Kindi akidhani utani.

"Shikamoo, daktari! Jogoo wa bibi..."

"Marahaba. Bado yupo yule? Twende!"

Kigong'ota akampanua Jogoo mdomo, akazamisha wake mrefu, chwap! Akatoka na mwiba.

"Bibi yako alikuwa ananiita kila msimu nimwangalie. Wewe unangoja mpaka shingo ivimbe?"

Kindi akainamisha kichwa, akammiminia njugu za malipo. Hata nusu ya chungu haikuisha.

Jogoo akakohoa. Akatikisa mabawa. Akavuta pumzi...

"KOKOIKOOOO!"

Fisi akashtuka. "Kumekucha! Mgonjwa wangu yuko wapi?"

Kigong'ota alikuwa juu ya kifua chake, ananoa mdomo. "Na wewe, daktari mwenzangu, unaumwa wapi? Nitoboe hapa, au hapa?"

"Mama weee!" Koti kaliacha, begi kaliacha, vumbi tifuuu!

Kindi akabandika chai ya tangawizi, akatupa konzi ya njugu chunguni. Jikoni kukanukia kama zamani, mpaka akageuka kumtazama bibi.

Basi nyie, mwenye kufuga amjue daktari wa jirani na aweke akiba, mnyama wake akiwa bado mzima.