Udongo wa Mlangoni kwa Fuko

Kabla mlima huu haujajua mbegu, Fuko alikuwa akitembea juu ya ardhi kama sisi. Alikuwa na macho mawili makubwa, anaona toka bonde hili hadi bonde lile, na alikuwa mjane mwenye watoto watano. Wakati huo hapakuwa na shamba hata moja. Msidhani watu hawakuwepo. Watu walikuwepo, na majembe walikuwa nayo, tena yenye makali. Kilichokosekana ni udongo. Ardhi ilikuwa nyekundu, imeshikana kama chungu kilichotoka motoni, na jembe likiipiga lilikuwa linagonga na kumrudia mwenyewe usoni. Watu walikula mizizi ya porini na majani machungu, wakalala.

Jirani wa Fuko alikuwa Nyungunyungu. Hakuna aliyemsalimia Nyungunyungu, maana hata uso wa kusalimiwa hana. Lakini alikuwa anakula majani yaliyooza, taratibu, siku nzima, na alichokitoa kwa nyuma kilikuwa udongo mweusi, laini kama unga uliochekechwa mara mbili. Fuko alipouona aliuelewa. Akaanza kuchimba kwa mikono yake, akawa anapandisha udongo wa chini na kuuchanganya na ule wa mwenzake. Walifanya hivyo misimu mitatu ya mvua, wao wawili tu, hadi mteremko mzima ukawa mweusi. Hapo ndipo Fuko alipopanda viazi, na watoto wake wakanenepa.

Nakijwa, mke wa Senkoro aliyekuwa mkuu wa kijiji, ndiye wa kwanza kupita hapo na mzigo wake wa kuni. Akautua. Akachomeka kidole ardhini, kikazama chote. Akakichomoa, akanusa.

"Shoga," akamwambia Fuko, "huu umeupata wapi?"

"Tumeutengeneza. Beba, kawapandie wanao."

Siku ile Nakijwa alibeba kikapu kimoja, kesho yake vikapu kumi, na siku ya tatu akaja na mumewe. Wakapatana. Fuko na Nyungunyungu wataulainisha mlima wote. Watu watalima na kuvuna kila tuta, isipokuwa tuta moja la chini katika kila shamba. Hilo halitaguswa. Litakuwa chakula cha watoto wa Fuko wakati wa kiangazi. Senkoro akachota udongo, akaulamba mbele ya kijiji kizima, na huku milimani aliyelamba udongo ameapa. Akivunja, ardhi yenyewe itammeza.

Miaka mitatu waliheshimu. Mwaka wa nne maharage yalizaa mpaka watu wakasahau walikuwa wanakula nini zamani. Senkoro akalitazama tuta la chini, akaona limekaa bure, akalilima. Majirani wakaona, nao wakalima ya kwao.

Fuko akaenda barazani. Sasa, barazani kulikuwa na desturi, na mnaijua kwa sababu mpaka leo haijafa vizuri: anayedai ardhi husimamisha kwanza jembe lake mbele ya wazee, ndipo anasikilizwa. Jembe ndilo shahidi. Desturi hiyo ilitungwa na wenye majembe.

"Jembe lako liko wapi, mama?" Senkoro akauliza.

Fuko akanyoosha mikono yake. "Ni hii."

"Hiyo? Hiyo si ya kukunia mgongo?"

Wazee wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na ugoro. Fuko akangoja wamalize.

"Senkoro, mwaka ule tulipopatana, jembe lako lilizama au liligonga?"

"Lilizama."

"Na mwaka wa kabla yake?"

Senkoro akajikuna kidevu. "Liligonga."

"Basi ni nani aliyelilainishia njia?"

Swali hilo lilikuwa na jibu moja tu, na hakuna aliyekaa pale ambaye hakulijua. Senkoro akaangalia juu.

"Mvua," akasema. Wakampigia makofi.

Fuko akamgeukia Nakijwa. "Shoga, sema wewe. Ulipita na kuni kichwani, ukaniuliza, nikakujibu."

Nakijwa akajifunga upya nguo ambayo haikuwa imelegea. "Mimi niliukuta udongo upo," akasema. Na kinachouma ni hiki: hakudanganya hata neno moja.

Nyungunyungu naye alikuwa njiani kuja kutoa ushahidi, lakini mwendo wake mnaujua. Alipofika, wazee walikuwa wanabeba vigoda vyao. "Na huyu naye?" mmoja akauliza. "Hana hata mkono, anataka shamba!" Wakamruka, wakaenda kula.

Mnangoja niseme ardhi ilimmeza Senkoro. Haikummeza. Alizeeka vizuri, na meno yake yote.

Kiangazi kile Fuko alizika watoto wawili. Aliwachimbia kwa mikono ileile iliyochekwa, na alipofika chini aliona kuna ubaridi, kuna mizizi, na hakuna baraza. Akapanda juu mara moja tu, kuwachukua watatu waliobaki. Senkoro alikuwa anapita.

"Unahama, mama?"

"Tuta langu nitalila kwa chini," Fuko akamjibu. "Mtaniita mwizi. Niiteni. Ila sura zenu sitaziona tena."

Akafumba macho, akaingia, akageuka na kusukuma udongo mpaka mlango ukaziba. Macho ambayo hayakufumbuliwa tena yaliota ngozi na manyoya, na wajukuu wake wakazaliwa hivyohivyo.

Nyungunyungu hakuwa na namna ya kususa. Aliendelea kula majani yaliyooza, na kinachotoka kikaendelea kutoka. Huja juu alfajiri, kabla ya miguu ya watu, huacha vibonge vyake vidogo vya udongo kwenye nyasi na kurudi. Watu humsifu kwa ukarimu. Si ukarimu, ni tumbo. Hakuna aliyewahi kumwuliza kama anakubali.

Na kuanzia kiangazi kile hadi asubuhi ya leo, mambo yamekaa hivyo. Kiazi kikiliwa kwa chini, mwenye shamba hupiga kelele za mwizi. Hutafuta njia ya fuko, huitoboa, huweka kitanzi kwenye kijiti alichokipinda, kwa sababu anajua fuko hawezi kuvumilia mlango ulio wazi. Atakuja kuuziba, na akija kuuziba atanaswa shingoni. Mke wa mwenye shamba naye hutoka mapema na karai. Hukusanya kinyesi cha nyungunyungu kwenye umande, kisha hukomba udongo wote wa kifusi alichokisukuma fuko mlangoni, maana kwa kitalu cha nyanya au mchicha hakuna udongo unaoushinda: hauna mawe, hauna magugu, umechambuliwa tayari. Fuko aliyesalimika na kitanzi akisikia upepo unaingia, hupanda na udongo mwingine akaziba upya. Kesho yake yule mwanamke huja tena na karai lake, hukuta kifusi kipya, na humwita jirani kwa furaha: "Njoo na wewe uchote, mwaka huu wanatoa kweli!"