Kwa Nini Watu wa Chokaani Hukataa Kushukuriwa

Mji wa Chokaani haukuzaliwa na tabia hii mnayoiona leo. Ulikuwako wakati ambapo kila kazi ya mji ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe akajulikana kwa mwezi. Mwezi ukiandama, mtaa wa Mlimani ulishika zamu: kusafisha visima, kuwasha taa za njia panda, kuzoa taka sokoni. Ukiandama mwezi mwingine, zamu ilishuka Bondeni. Kamba nene ya mji, ile ya kuteremkia kisimani, ilikabidhiwa jumbe wa mtaa wenye zamu, naye akailaza nyumbani kwake kama mgeni wa heshima. Utaratibu ulikuwa mzuri, ila uliwekwa na watu waliosahau kwamba duniani kuna mawingu.

Masika moja mbingu zilifunga. Jioni ya kuutazama mwezi, watu wa Mlimani walisema wameuona, mwembamba, ukachungulia na kujificha. Watu wa Bondeni walisema hakukuwa na kitu. Kila mwamba ngoma huvutia kwake: walioona ndio waliokuwa wakimaliza zamu, na wasioona ndio waliokuwa wakiianza. Basi visima vikajaa tope, taka zikarundikana sokoni, na mji mzima ukawa hauna mwenyewe.

Aliyechanganyikiwa kuliko wote alikuwa Somoe, mzaliwa wa Mlimani aliyeolewa Bondeni. Jioni ile yeye naye alitazama juu. Aliona weupe mwembamba katikati ya mawingu, asijue kama ni mwezi au ni ukingo wa wingu. Ndugu zake walipomuuliza, alijibu, "Huenda." Shemeji zake walipomuuliza, alijibu vilevile. Pande zote mbili zikamnunia.

Mumewe, Vuai, alichoka kuona watoto wakinywa maji ya tope. Asubuhi moja alishuka kisimani kwa kukanyaga vishimo vya ukutani, akaanza kuzoa. Mara ukuta ukaporomoka na vishimo vyake vyote, na chemchemi iliyokuwa imezibwa chini ikafunguka. Somoe alipoinama kwenye mdomo wa kisima, maji yalikuwa yamemfika mumewe kiunoni, na Vuai, mwana wa shamba, hakujua kuogelea.

"Kamba, Somoe!" alilia. "Niletee kamba!"

Somoe alipanda mbio hadi Mlimani, kwa Jumbe Ngwali, ambako kamba ilikuwa imelazwa.

"Shikamoo, Jumbe. Vuai anakufa kisimani, nipe kamba!"

"Maskini, mwanangu!" alisema jumbe, na huruma yake ilikuwa ya kweli. "Lakini mwezi umeandama. Nikiitoa kamba kama mwenye zamu, nimekiri kwamba Mlimani nzima imesema uongo. Waambie Bondeni waje waipokee."

Somoe akashuka Bondeni kwa Jumbe Mwinyikai. Naye alimsikitikia sana, hata akaagiza mkeka atandikiwe akae. "Nikiipokea kamba leo, mwanangu, nimeshakubali kuwa mwezi umeandama," alisema. "Zamu ni yao wale."

Somoe alisimama katikati ya njia asijue aelekee wapi. Alijaribu hata kuukumbuka ule weupe wa jioni ile, kana kwamba akiukumbuka sawasawa mumewe ataokoka. Ulikuwa mwezi? Haukuwa? Aliwakasirikia wote wawili. Kisha akaona kwamba hana haja ya kujua.

Akarudi Mlimani. "Jumbe, mwezi umeandama, mnasema kweli. Basi ichukueni kamba mkawatupie Bondeni palepale kisimani, mji mzima ushuhudie." Akashuka Bondeni. "Jumbe, mwezi haujaandama, mnasema kweli. Mlimani wanakuja kuwatupia kamba kisimani. Mtawaachia?"

Mitaa yote miwili ikamiminika. Hakuna aliyekuja kumwokoa Vuai, walikuja kushinda.

Pale kisimani ikawa vurugu tupu. Mlimani waliisukumiza kamba vifuani mwa Bondeni, Bondeni wakairudisha, hawa wakaisukumiza tena, mpaka ikawa mikono yote imeishika na hakuna aliyeipokea. Somoe akapenya chini ya makwapa yao, akaunyakua mwisho wa kamba, akautupa kisimani. Vuai, maji yakimfika kidevuni, akajifunga. Kamba ikakaza ghafla. Hakuna aliyetoa amri, wala hakuna aliyekumbuka mwezi. Walihisi uzito wa mtu, wakavuta.

Vuai alitoka akitapika maji ya matope. Alipopata pumzi, alizungusha macho. "Nani kanivuta? Nimshukuru nani?"

Mikono yote ikaiachia kamba. Mlimani wakisema ni wao, zamu imekuwa yao. Bondeni wakisema ni wao, mwezi umeandama.

"Si sisi," alisema Jumbe Ngwali, akificha viganja vilivyochubuka.

"Wala si sisi," alisema Jumbe Mwinyikai, akivipuliza vyake.

Somoe alicheka huku machozi yakimtoka. Alikuwa amekwisha kuwachukia wote, na sasa hakujua ile chuki aiweke wapi.

Ubishi wa mwezi ule haukuamuliwa, kwa hiyo hakuna aliyeweza tena kusema zamu ni ya nani. Na tangu siku hiyo, kisima cha Chokaani kikichafuka, anayepita hushuka. Moto ukizuka, aliye karibu huuzima. Ukimshukuru, atakukazia macho na kusema, "Si mimi," kisha aende zake. Wageni hudhani ni kiburi. Mwenyeji habishani na anayekana. Huushika tu mkono wake, akaugeuza, akatazama kiganja.