Kivuli cha Jumbe Makungu

"Nina ngano mkononi!"
"Ifungue tuione!"
"Uongo wake ni wangu!"
"Ukweli wake tugawane!"

Hapo kale, kale ambayo hata bibi yake bibi aliisikia tu, palikuwa na mji wenye mfereji mmoja na wakubwa wengi. Maji ya mfereji yaligawanywa mara moja kwa mwaka, kwa urefu wa kivuli. Msicheke. Mwenye kivuli kirefu alipata maji, mwenye kifupi alipata tope. Mpimaji alipima kwa nyayo, kisigino kwa kidole, na hakuna aliyepimwa mara mbili.

Jumbe Makungu alipimwa wa kwanza, saa moja asubuhi. Nyayo thelathini. Kisha ndugu zake. Kisha rafiki zake. Wanyonge walifikiwa saa sita: unyayo mmoja, unyayo mmoja, unyayo mmoja. Wakarudi makwao wameinamisha vichwa, wakiamini wameumbwa wafupi. Mjane mmoja aliwahi kuomba apimwe tena asubuhi. Jumbe akamjibu kwamba sheria ni sheria.

Basi Siwatu, mwalimu wa watoto wadogo, alikuwa na wanafunzi kumi na wawili na bustani ya mchicha, na mchicha ulikuwa unakauka. Mama wa watoto walishamwambia: darasa lisipopata maji mwaka huu, watoto watatolewa wakachote mtoni. Siwatu hakuwa jasiri. Alikuwa mtu wa kuhesabu watoto mara tatu kabla ya kufunga mlango. Lakini alijua kufundisha.

Alichomeka kijiti uani. Saa moja, watoto wakaweka jiwe kwenye ncha ya kivuli. Saa tatu, jiwe. Saa sita, jiwe. Mawe yakakisogelea kijiti kama kuku wanaorudi bandani. Kisha akawaingiza ndani, akafunga madirisha, akawasha kibatari, akasimamisha gunzi la muhindi sakafuni. Kibatari kikiwa chini, kivuli kilitambaa hadi ukutani. Kikiinuliwa juu, kivuli kilijikunja miguuni pa gunzi.

"Gunzi limekua?" akauliza.

"Halijakua," akasema Mize, binti wa miaka mitano. "Taa ndiyo imehama." Akafikiri kidogo. "Mwalimu, kwani Jumbe naye ni gunzi?"

Siwatu akamziba mdomo. Lakini neno lilishatoka, na halikumwacha.

Akaenda kwa Jumbe, njiani akiyarudia maneno yake mara tatu. Akaamkia, akaketi mkekani, akasema watoto wamemtungia nyimbo. Akauliza kwa adabu kama bwana harusi hufika kabla ya waalikwa. Si afadhali wadogo watangulie, wanyonge wafuate, na mkubwa aje mji wote umeshajaa?

Jumbe akapendezwa. Ule ujanja wa asubuhi aliurithi kwa babu yake, maelezo yake hakuyarithi. Yeye aliamini kabisa kwamba ni mrefu.

"Kweli, mwanangu," akasema. "Miaka yote nadamka kama muuza uji."

Siku ikafika. Saa moja, watoto wakapanga mstari. Mize peke yake, nyayo ishirini. Wanyonge wakafuata, wakakodolea macho vivuli vyao kama watu waliokabidhiwa nguo za wengine. Ndugu na rafiki za Jumbe hawakutaka kupimwa kabla ya mkubwa wao, wakamngoja.

Jumbe akaja taratibu. Watoto wakamwimbia. Akafukizwa udi. Wakamwimbia tena, na yeye mwenyewe akaomba wimbo wa tatu.

Saa sita.

Mpimaji akainama. Akatafuta mbele. Akatafuta nyuma. Akainua pindo la kanzu.

"Nusu unyayo," akasema. "Nao ni wa kitambi."

Jumbe akaamuru apimwe tena kesho asubuhi. Watu wakamtazama. Kisha sauti ikatoka nyuma, ya yule mjane.

"Sheria ni sheria, baba."

Jioni ile ile wakubwa wakatangaza kwamba kumpima mtu kwa kivuli ni ujinga. Miaka arobaini ujinga huo ulikuwa hauonekani, jamani! Siwatu akawakubalia. Mwakani, akasema, tugawane kwa idadi ya vinywa. Mwaka huu darasa lilichukua fungu lake kwanza. Maji yakaingia kwenye mchicha, naye akahesabu watoto wake. Kumi na wawili. Akahesabu tena. Kumi na wawili.

Ngano yangu imefika saa sita, kivuli chake kimeingia miguuni. Aliyeitaka ndefu, angedamka asubuhi.