Neno la Gizani

Neno lililotafunwa halihitaji taa. Mmelisikia kwa shangazi yenu mlipokuwa mkishindana nani amemaliza vitabu vingi likizo hii, nanyi mkacheka mkidhani anazungumzia chakula. Kaeni basi niwaambie lilikotoka. Waoga wasogee karibu nami, maana hata mimi huogopa nikifika katikati.

Lilizaliwa huku kwetu milimani Upareni, nyumbani kwa mfinyanzi aliyeitwa Nakijwa. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, kwa hiyo kila asubuhi mkamwana wake Eliwaza alimsomea kabla hawajagusa udongo. Kitabu chenyewe kilikuwa kikuukuu kisicho na jalada, cha visa vya wasafiri. Walisoma ukurasa mmoja tu. Ukiisha, Nakijwa alisema, "Funika, tutafune," kisha wakafinyanga kimya hadi vyungu vianikwe.

Eliwaza alichukizwa na mtindo huo. Shuleni alizoea kumeza vitabu kama ninyi, leo hiki kesho kile. Alitaka kujua msafiri amefika au amezama, na mama mkwe alitaka kukaa na sentensi moja kutwa, akiigeuzageuza kama anayechagua mchele. Ajabu ni kwamba kutwa hiyo mama yule alitabasamu peke yake, na jioni alilala ameridhika hata kama chungu chake kimepasuka motoni. Eliwaza alidhani ni uzee.

Asubuhi moja baada ya mvua kubwa, ukurasa uliwafikisha kwa mtu aliyesimama mbele ya mto uliofurika, akitetemeka, akijiambia: mto hauvukwi wote, huvukwa pale mguu ulipo. Nakijwa aliomba arudiwe. Akaomba tena. Eliwaza alirudia huku amenuna, kisha wakachukua majembe na vikapu wakaenda kuchimba udongo. Wifi yake Nanzia alifuatana nao, amembeba mtoto wa Eliwaza, aliyekuwa bado ananyonya.

Sasa mjue kwamba shimo la udongo lilikuwa la wanawake. Mwanamume hakanyagi pale, kwani ilisemwa kwamba akikanyaga, vyungu vyote vya kijiji vitapasuka motoni. Na udongo mtamu wa kufinyangia hujificha chini ya ukingo, hivyo mchimbaji huufuata kwa ndani kama fuko. Nanzia alibaki juu na mtoto, Nakijwa na mkamwana wake wakaingia. Ukingo ulikuwa umelegea kwa mvua, na wote wawili walilijua hilo. Lakini udongo siku ile ulikuwa laini mno, wakaambiana wajaze kikapu cha mwisho. Hapo ukingo ukashuka.

Giza liliwaangukia pamoja na kifusi. Nakijwa alifukiwa miguu yote miwili. Eliwaza alisikia mtoto wake akilia huko juu, kwa mbali, halafu sauti ikatokomea, kwa maana Nanzia alikimbia kutafuta msaada. Msaada gani? Wanawake wengi walikuwa wameteremka mnadani, na wanaume hawakanyagi shimoni. Eliwaza aliyajua yote hayo, na hofu ikamshika barabara. Alipiga kelele. Aliparura kifusi kwa kucha, na kila alipovuta konzi moja, nyingine iliporomoka, mpaka udongo ukamfika kiunoni.

"Usichimbe, mwanangu," Nakijwa alisema kwa taabu. "Unatuzika." Kisha mkono wake, ambao Eliwaza aliupapasa gizani, ukaanza kuwa baridi.

Eliwaza alitafuta kichwani kitu cha kushika. Vile vitabu vyote alivyomeza havikuwepo. Alikumbuka tu kwamba alivimaliza. Ndipo ukaja ule mto, kwa sababu alikuwa amelazimishwa kuurudia.

"Mama, mto hauvukwi wote."

Aliuminya ule mkono. Akasema tena.

"Huvukwa pale mguu ulipo," Nakijwa akaitika, kwa sauti ndogo sana. "Mguu wetu uko wapi sasa?"

"Kwenye pumzi hii."

"Basi tuivuke hiyo."

Wakaivuka, wakaivuka na iliyofuata. Msidhani hofu iliondoka. Ilikaa nao mle mle, hewa ikizidi kuwa nzito. Lakini mikono ya Eliwaza iliacha kuparura, na udongo ukaacha kuporomoka. Alimfikiria yule mtu mtoni: maji yalikuwa baridi kiasi gani, na ng'ambo alimwacha nani? Alishangaa kuona maneno machache aliyoyasoma kwa kununa yana nafasi ya kuwatosha watu wawili. Kwa mara ya kwanza hakujali kisa kiliishaje.

Huko juu, wanaume walikuwa wamefika wakasimama mbali na shimo, wakitazamana. Bibi mmoja alimzuia mzee Senkondo, mume wa Nakijwa, akamkumbusha vyungu vya kijiji kizima.

"Vyungu na vipasuke," Senkondo alisema, akashuka na jembe. Wengine wakamfuata.

Waliwatoa jua limekwisha kuinama, Nakijwa mguu umevunjika, Eliwaza ametapakaa udongo hadi kwenye kope. Senkondo aliketi chini kwa kuishiwa nguvu. Aliwaambia kwamba muda wote alipochimba hakusikia hata ukelele mmoja, akajua anafukua maiti. Kwa nini hawakupiga kelele?

"Tulikuwa tunasoma, Baba," Eliwaza alisema.

Mzee alimtazama kwa huruma, akidhani akili imemruka. "Mle ndani? Mlisomea taa gani?"

Eliwaza alimpokea mwanawe kwanza, akamweka kifuani. Alingoja hadi mtoto aliposhika titi akatulia.

"Neno lililotafunwa," akasema, "halihitaji taa."